Safu ya Pili Huanzia Mashariki

Tarehe 9 Juni 1999, siku ya Jumatano, nilimzika mke wangu Leya. Siku kumi na mbili baadaye niliingia shambani kuvuna ulezi wa jaribio, na katika ulezi ule nikafanya kosa ambalo nusura limharibie kazi mtu asiye na hatia na kuwapelekea wakulima mbegu isiyofaa.

Vijana wa kituo cha utafiti mmeniomba niandike habari za kazi yangu sasa kwa kuwa nimestaafu. Nimeona nianze na tarehe hiyo, maana nikianza na mambo mazuri nitajikuta nimeshaliruka hilo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo sikuwa navyo, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi mwaka 1986, mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshalowesha udongo. Nilikuwa na darasa la saba na mikono iliyozoea kahawa ya baba yangu pale Ihanda. Aliyenipokea ni Mzee Nzowa, mkuu wa wasaidizi wa shamba, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua la saa nane likiwaka. Hakunipeleka ofisini. Alinipeleka moja kwa moja kwenye shamba tupu lililolimwa, akanipa kamba yenye mafundo.

"Unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, mzee. Nimemaliza darasa la saba."

"Sikukuuliza shule. Nimekuuliza kuhesabu."

Nikasema najua. Akacheka peke yake, akaanza kunifundisha kitu ambacho nilidhani ni cha watoto.

Shamba la jaribio limegawanywa vipande vidogo, tunaviita ploti. Kila ploti ina aina yake ya mbegu na namba yake. Mbegu ipi iko wapi anajua mtafiti, kwenye ramani yake. Msaidizi anajua namba tu, na ndivyo inavyotakiwa, ili mkono wako usiipendelee mbegu unayoipenda. Safu ya kwanza inaanzia upande wa barabara, ploti ya kwanza mpaka ya kumi, unaishia upande wa mashariki kwenye mikaratusi. Ukifika pale hurudi barabarani kuanza safu ya pili. Unageuka papo hapo. Kumi na moja inapakana na kumi, na unahesabu ukirudi barabarani mpaka ishirini.

"Umewahi kumwona ng'ombe wa plau," Mzee Nzowa akauliza, "akimaliza mstari, akarudi mpaka mwanzo bila kazi, ndipo aanze mstari mwingine?"

"Hapana, mzee."

"Basi na wewe usiwe mjinga kuliko ng'ombe."

Tukaita kuhesabu huko "kwenda plau", na mnaita hivyo mpaka leo bila kujua neno hilo lilikotoka.

Kisha akanionyesha mabati. Kila ploti ilikuwa na kibao cha mti, lakini kibao cha mti hakina maisha marefu. Mchwa wakikiacha, mtu atakichoma kupikia uji. Kwa hiyo kwenye ncha za kila safu Mzee Nzowa alikuwa anakata kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, anatoboa namba kwa msumari, anakikita ardhini mpaka kinabaki kidole kimoja juu. "Kabla hujakata suke la kwanza," aliniambia, "tafuta bati. Likifunikwa na majani, piga magoti utafute. Ukiliona bati, ndipo uhesabu." Aliyarudia maneno hayo kila msimu wa mavuno kwa miaka saba, nami kila mwaka nilijibu "ndiyo mzee" kama mtu anayeitikia salamu.

Mengine niliyojifunza kwake ni haya. Andika kwa penseli. Kalamu ya wino ni rafiki wa kiangazi tu. Usipime gunia kwa mizani ya kuning'iniza huku upepo unavuma. Usimwambie mtafiti anachotaka kusikia, mwambie ulichoona, halafu nenda zako ukale. Na uwe na daftari lako mwenyewe, mbali na karatasi za ofisi, uandike humo hata usichoulizwa. Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa.

Miaka ya tisini barua za kupunguzwa kazi zikaanza kuja. Mzee Nzowa alipata yake asubuhi, akaikunja, akamalizia kupalilia safu aliyokuwa nayo, ndipo akanikabidhi kamba na nyundo. Watafiti wakubwa nao wakaondoka mmoja mmoja. Wengine walifuata miradi mijini, wengine walikwenda Tunduma kufanya biashara kama watu wote wa wakati ule. Nafasi zao zikabaki kwa vijana waliotoka chuoni juzi, wenye vyeti vizuri na wasiokuwa na wa kumuuliza.

Nitawaeleza kisa kimoja cha wakati huo, bila jina la mtu. Kijana mmoja mtafiti aliweka mbolea mara mbili kwenye nusu ya jaribio lake. Alisahau kwamba alikuwa ameshaweka. Mimi nilimwona akiwa amekaa kwenye tuta, ameshika kichwa, nikampa maji. Hakuniambia kitu. Mfawidhi wa kituo hakuambiwa, wenzake hawakuambiwa. Alikaa na jambo lake wiki tatu, akakonda, kisha Jumatatu moja hakuonekana kazini. Baadaye tulisikia yuko Tunduma, anashughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Nakonde, na kwamba amenenepa na ana gari. Nasema hivyo msije mkamwonea huruma kupita kiasi. Lakini alikuwa na jicho la mtafiti yule kijana, na tulimpoteza kwa mfuko mmoja wa mbolea.

Aliyeumia zaidi na jambo hilo ni Atupele Kibona. Alikuwa binti wa milimani Ileje, amekuja kituoni mwaka 1996 kushika jaribio la ulezi. Mwembamba, sauti ndogo, lakini akisema neno hulisema mara moja tu. Aliwaita wenzake wawili waliobaki. Mmoja ni Mathias Maganga, Msukuma aliyelelewa bonde la Momba kwenye ng'ombe wa baba yake, yeye alichunguza malisho. Mwingine ni Ambakisye Simbeye, mtoto wa Tunduma, wa mahindi, ambaye hakuweza kukaa dakika tano bila kuleta maneno ya mpakani.

Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu chai nilikuwa nachemsha mimi. Mhudumu wa ofisi alikuwa ameshapunguzwa.

"Hatuna mkubwa wa kutulea," Atupele akasema. "Tuleane sisi kwa sisi. Kila Ijumaa baada ya chakula, hapa ghalani. Kila mtu aje na kosa moja alilofanya wiki hiyo. La kweli."

"Na mafanikio?" Mathias akauliza.

"Mafanikio utayasema kwenye ripoti."

"Na kama sina kosa?"

"Asiye na kosa anaosha vikombe."

Ambakisye akapiga makofi. "Mathias, nunua sabuni kabisa!"

Wakaongeza sheria moja: aliyesikia jambo ghalani halipeleki kwa mfawidhi. Mwenye kosa akitaka, alipeleke mwenyewe.

Ndiyo ilikuwa Ijumaa yetu. Mathias kweli aliosha vikombe miezi miwili ya kwanza. Alikaa kifua mbele akisema wiki yake imekwenda salama, na wenzake wakamsukumia beseni bila kubishana. Mwezi wa tatu alikuja akakohoa, akasema alihesabu ng'ombe mmoja mara mbili kwa sababu walikuwa wanafanana. Walimshangilia kama ameoa. Nilisikia mengi pale nikimimina chai. Nilisikia mtu akisema amepanda tarehe isiyo yake, mwingine amepoteza karatasi, mwingine ameshindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Na kila mara niliona jambo lile lile: kosa likishatajwa linakuwa dogo, watu wanalizunguka kama watu wanaosukuma gari lililonasa kwenye tope.

Mimi sikuwa mwanachama. Hakuna aliyenikataza, na mimi sikuomba. Nilijiona mtu wa birika.

Leya alikuwa akiniletea chakula shambani. Tulikuwa na nyumba karibu, upande wa mashariki, nyuma ya mikaratusi. Saa sita alikuwa akipita kati ya miti na sufuria kichwani, tunakaa kwenye ncha ya safu ya pili penye kivuli, tunakula. Hakuwa mtu wa maneno mengi, nami vivyo hivyo. Miaka kumi na tatu tulikula pale kila siku ya kazi isipokuwa mvua ikinyesha. Alipougua ilikuwa miezi mitatu tu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilipaswa kuchukua siku za msiba. Nilichukua chache, nikarudi, kwa sababu ulezi ulikuwa umekauka na ndege walikuwa wameshauona. Nyumbani kulikuwa na dada yangu na wanangu, na kila kona ilikuwa inaniuliza kitu. Shambani angalau palikuwa na kazi.

Jaribio la Atupele lilikuwa na safu nne, ploti arobaini, aina kumi za ulezi zilizorudiwa mara nne. Vibao vya mti vilikuwa vimekwisha kuliwa zaidi ya nusu. Nilikuwa na akina mama vibarua sita. Wakaniuliza, "Baba Sekela, tunaanzia wapi?" Nikasema barabarani. Tukavuna safu ya kwanza kutoka barabarani kwenda mikaratusi. Tulipokaribia ncha ya mashariki niliwaacha wamalizie, nikarudi barabarani kufunga magunia. Wakauliza tena, "Safu ya pili?" Nikasema, "Anzeni hapa hapa barabarani, mkokoteni uko hapa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Safu zote nne tulianzia barabarani. Sikutafuta bati. Sikupiga magoti. Niliandika kumi na moja kwenye gunia lililokuwa la ishirini, kumi na mbili kwenye la kumi na tisa, na kuendelea hivyo safu nzima, na safu ya nne vivyo hivyo. Safu ya kwanza na ya tatu zilikuwa sawa kwa sababu hizo kweli huanzia barabarani. Siku ile sikuhisi lolote. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimechoka vizuri, nikashukuru.

Mwezi wa nane Atupele alimaliza hesabu zake. Aina namba nne, ambayo hakuna aliyeitegemea, ilikuwa imeongoza. Alifurahi, lakini Ijumaa ile alikuja na uso wa mtu anayetafuta kitu.

"Kosa langu wiki hii," akasema, "ni shamba. Safu zangu hazikubaliani. Aina ile ile, safu moja inazaa sana, nyingine karibu na bure. Nadhani nilichagua mahali penye mteremko bila kupima vizuri. Ni uzembe wangu."

"Mteremko gani?" Ambakisye akasema. "Pale hata mpira hauviringiki."

"Basi ni udongo. Lakini kosa ni langu."

Wenzake wakamfariji, wakamwonyesha namna ya kulieleza kwenye ripoti. Mimi nilimwongezea chai. Sikujua, naapa sikujua, kwamba nilikuwa namwongezea sukari mtu anayetubu dhambi yangu.

Mwishoni mwa Oktoba tulianza kusafisha shamba kwa ajili ya msimu. Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nafyeka upande wa mashariki, mahali ambapo tangu Juni nilikuwa nawatuma wengine. Panga likagonga chuma. Nikapangusa udongo, nikaona matundu ya msumari: moja, moja. Kumi na moja.

Nilisimama pale nikilitazama bati lile. Kwenye kumbukumbu yangu kumi na moja ilikuwa barabarani, mkono wa kushoto wa mkokoteni. Nikaenda mpaka ncha ya safu ya nne, nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole. Thelathini na moja. Nikakaa chini.

Mjue kilichokuwa mbele yetu. Jumatatu inayofuata Atupele alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa watafiti kusoma matokeo yake, ya kwanza kuyasoma mbele ya wakubwa. Mbegu ya namba nne ilikuwa imeshafungwa kwenye mifuko ya kilo mbili mbili ghalani, ipelekwe kwa wakulima wa Ihanda na wa Mbangala waipande mvua zikinyesha. Watu wale hawana shamba la kuchezea. Ulezi ukikataa, mwaka umekataa. Na mimi nilikuwa na watoto watatu wasio na mama, na barua za kupunguzwa zilikuwa bado zinatafuta majina.

Nilinyamaza Jumanne. Nilinyamaza Jumatano na Alhamisi. Nawaambia ukweli: kuna saa nilifikiri kuling'oa bati lile nilitupe mtoni. Kosa lile lilikuwa na jina tayari, liliitwa mteremko, na mwenye kulibeba alikuwa ameshajitokeza. Nilimkumbuka yule kijana wa mbolea, nikaelewa kwa nini alikonda.

Ijumaa nilichemsha chai kama kawaida. Nilimimina vikombe vitatu. Kisha nikavuta gunia, nikasema, "Naomba kukaa."

Mathias akasogea. "Karibu, mzee. Leo umechoka?"

"Sijachoka. Nina kosa."

Ambakisye, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo kunitania, aliufunga. Nikaweka bati mezani. Nilikuwa nimeling'oa asubuhi, nikaacha kijiti mahali pake.

"Hili nimelikuta mikaratusini," nikamwambia Atupele. "Ncha ya safu ya pili. Mimi nilivuna safu ya pili kutoka barabarani. Na ya nne. Namba zako za safu hizo mbili ziko kinyume. Shamba lako halina mteremko, mama. Ni mimi."

Atupele alilishika bati, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Baba Sekela," akasema taratibu, "wewe ndiye uliyenifundisha kwenda plau."

"Ndiyo."

"Kwa nini ulianzia barabarani?"

Ningeweza kusema mkokoteni. Ndilo nililowaambia vibarua. Lakini meza ile ilikuwa na sheria yake, kosa liwe la kweli.

"Pale mikaratusini ndipo mama Sekela alipokuwa ananiletea chakula," nikasema. "Sikuweza kwenda kusimama pale."

Mathias aliinamisha kichwa. Atupele alifunika uso kwa mikono miwili, na mimi nikadhani sasa atalia kwa ajili ya Jumatatu yake. Ambakisye ndiye aliyetikisika kwanza. Alikuwa anaandika kwa kidole juu ya vumbi la meza.

"Subirini kidogo," akasema. "Mzee, uligeuza safu nzima? Hukuruka hata ploti moja?"

"Nzima. Nilihesabu vizuri. Nilihesabu vizuri upande usio wake."

"Basi hujaharibu! Umegeuza tu! Kumi na moja ni ishirini, kumi na mbili ni kumi na tisa. Toa namba ya gunia kwenye thelathini na moja, unapata ploti yake ya kweli. Safu ya nne, toa kwenye sabini na moja. Atupele, ondoa mikono usoni, lete ramani!"

"Tutajuaje?" Atupele akasema kutoka ndani ya mikono yake. "Siwezi kubadilisha namba kwa sababu mzee amekumbuka. Wataniambia nimezipanga nipendavyo. Nataka ushahidi."

Hapo nikakumbuka daftari. Nilivuna nikiwa kama mtu anayetembea usingizini, lakini mkono una mazoea yake. Kuna ulezi ambao masuke yake hufumba kama ngumi, na kuna ambao hufunguka kama vidole. Ukishapurwa, punje ni zile zile, huwezi kutofautisha. Lakini siku ya kuvuna, kila gunia lilipofika mkokotenini, kando ya namba yake nilikuwa nimeandika kwa penseli "ngumi" au "wazi", bila kuombwa na mtu. Daftari lilikuwa kwenye koti langu, nyuma ya mlango.

Atupele alifungua ramani, mimi nikasoma. Safu ya kwanza, kila nilipoandika ngumi, ramani ilisema aina ya ngumi. Safu ya pili ilikuwa vurugu tupu. "Sasa igeuze," akasema Ambakisye. Nikaanza kusoma kutoka mwisho. Ngumi, sawa. Wazi, sawa. Wazi, sawa. Mathias alikuwa anaweka alama za chaki mlangoni, na kadiri alivyoweka alizidi kupaza sauti, mwisho akawa anaitikia kama kanisani. Ploti moja tu haikukubali, ya kumi na saba. Hiyo mpaka leo siielewi. Nadhani niliandika vibaya. Kwenye ripoti Atupele aliiacha hivyo hivyo, akaandika kwamba haikukubali.

Walirudia hesabu mpaka jua likaanza kuingia kwa dirisha la magharibi, wakamalizia Jumamosi asubuhi. Safu zote nne zikakubaliana. Namba nne ikashuka mpaka nafasi ya nane. Zilizoongoza ni mbili, zikifuatana kwa karibu, na zote tulikuwa tunazijua. Moja ilikuwa mbegu ya siku zote ya akina mama wa Ileje. Hakukuwa na jipya la kushangaza wakubwa.

"Nimepoteza habari yangu kubwa," Atupele akasema. Kisha akaangua kicheko, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo. "Mteremko! Jamani, miezi miwili naulaani mteremko!"

Na vikombe vilikuwa bado mezani. Mathias aliangalia beseni, akaniangalia mimi. "Mimi leo sikuwa nimeandaa kosa," akasema. Akaviosha, na changu kikiwemo. Ilikuwa mara ya kwanza kikombe changu kuoshwa na mtu mwingine pale kituoni.

Kwa mfawidhi nilikwenda mwenyewe Jumamosi hiyo hiyo. Atupele akasema atanisindikiza. Nikamwambia asubiri nje, akakataa, akaingia. Mfawidhi alinisikiliza akiwa ameshika kalamu. Nilikuwa naiangalia ile kalamu. Mwishoni akaiweka chini.

"Ulichukua siku zako zote za msiba?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Ulezi ulikuwa umekauka."

Alinipa onyo la mdomo. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu kuvuna jaribio peke yake, wahesabu wawili, kila mmoja na daftari lake. Halafu akaniandikia siku saba za likizo ya msiba nilizokuwa nazidai. Adhabu na pole alinipa kwa pumzi moja. Nilipotoka nje nilishika ukuta. Nililia. Nadhani ndiyo siku nilipomlilia Leya kwa mara ya kwanza bila kujizuia, na Atupele alisimama mbali kidogo, akageukia upande mwingine, akanisubiri.

Jumatatu alikwenda na karatasi zilizosahihishwa. Aliporudi nilimuuliza walisemaje. "Mmoja alisinzia," akasema. "Mmoja aliuliza ilikuwaje nikageuza namba, nikamweleza yote. Akasema na kwake iliwahi kutokea, hakumwambia mtu." Ile mifuko ya namba nne tuliifungua, tukajaza mbegu nyingine. Msimu uliofuata tuliipanda namba nne kituoni, safu mbili tu, tuone. Mvua zilizidi, masuke yakaoza shingoni kabla ya kukomaa. Niliyashika mkononi yakapukutika. Wakulima wa Ihanda na Mbangala hawakujua kilichowapitia, na hakuna sababu ya kujua. Mimi najua, na bado nikiyafikiri masuke yale napumua kwa kina.

Msimu huo huo nilihesabu na Mathias. Tulipofika mikaratusini mwisho wa safu ya kwanza, alisimama. "Nitangulie mimi, mzee?" Nikamwambia hapana. Nilipiga magoti, nikapata bati. Saa sita nilikaa pale, nikafungua chakula alichonifungia binti yangu Sekela, nikala. Haikuwa ngumu kama nilivyoogopa.

Ijumaa ziliendelea. Watafiti wapya walipokuja waliletwa ghalani kabla ya kupelekwa shambani, na mimi nilikuwa na kiti. Baadaye ilikuja semina kutufundisha namna watafiti wachanga wanavyoweza kuleana wenyewe kwa wenyewe, na fomu ya kujaza yenye kurasa sita. Tulihudhuria, tukajaza, chakula kilikuwa kizuri. Mathias alihamishwa. Ambakisye alikwenda kusoma mbali, akarudi daktari, na salamu yake ya kuuliza hali bado ni ya ng'ambo ya mpaka, ya Nakonde: "Mulishani, mzee!" Mzee Nzowa alifariki mwaka 2006; nilimpelekea bati lile la kumi na moja kabla hajaondoka, akalishika, akasema, "Hukupiga magoti." Nikasema sikupiga. Akanirudishia. Atupele alibaki. Vijana mnaomwita Mama Mfawidhi hamjui jinsi sauti ile ilivyokuwa ndogo.

Ijumaa yangu ya mwisho kazini mlikuwa kumi, pamoja nami kumi na mmoja. Mlizunguka meza na makosa yenu. Mmoja alipanda kwa kina kirefu, mmoja alisahau kufunga lango, mbuzi wakaingia. Zamu ikanifikia.

"Na wewe, Baba Sekela?" Atupele akauliza. "Kosa lako la wiki?"

Nilifikiri vizuri. Wiki ile nilikuwa nimekabidhi kamba, nyundo na mizani, nimehesabu mabati yote na mrithi wangu, mara mbili, safu kwa safu.

"Wiki hii sina," nikasema.

Mkapiga kelele, mtu akanisukumia beseni. Nikaviosha vikombe kumi na kimoja, nikavipanga vikauke.